Aliyeujua Uzi Utakaokatika

Mume wangu Felician hakuwahi kucheza mpira wa vinyoya hata siku moja, lakini mchezo huo ndio uliotulisha, na mchezo huo ndio ulioniulia mama. Nikiwaambia watu hivyo hunitazama kwa huruma, wakidhani akili imeniruka. Raketi na kifo, wapi na wapi? Basi wakae kitako niwaeleze, na wasinikatize.

Tulikuwa tukikaa Shinyanga mjini, kwenye nyumba za wafanyakazi wa jineri, kile kiwanda cha kuchambua pamba. Msimu wa pamba ukiisha ghala kubwa hubaki tupu, na wenye nafasi zao, makarani wa benki, walimu, mafundi wa kiwanda na Wahindi wachache wa madukani, walichora mistari ya chokaa sakafuni, wakafunga wavu katikati, wakawa na klabu yao. Felician, mtu wa Ushirombo, mtulivu hadi anaudhi, ndiye aliyeshika funguo za ghala. Mhindi mmoja aliyekuwa akiwamba raketi za wenzake alipohama nchi alimwachia Felician vibanio vyake na msumari wa kutobolea, akamwonyesha namna ya kupitisha nyuzi. Tangu hapo mume wangu akaitwa fundi, na mimi nikawa mke wa fundi.

Kisha vikaja vita vya Kagera, na baada ya vita maduka yakawa makavu. Sabuni hakuna, sukari kwa kibali, shuka hadi ujue mtu. Nani angekumbuka kuagiza nyuzi za raketi? Felician alijaribu mshipi wa kuvulia samaki, akauagiza kwa watu wa mabasi hadi Chato. Mshipi ule ulikuwa mgumu kukatika lakini haukuwa na uhai. Unapiga kinyoya kwa nguvu zako zote, kinakwenda kuangukia hapo hapo mbele ya wavu. Silvesta, karani wa benki aliyekuwa hodari kuliko wote mkoani, alicheza nao jioni moja tu, akaweka raketi chini akasema afadhali wampe ungo.

Hapo Felician akamkumbuka marehemu baba yangu. Baba, mzee Nkwabi wa Samuye, alikuwa mpiga zeze, na zeze lake lilitiwa nyuzi za utumbo wa mbuzi. Watu walimsifu baba kwa nyuzi zile, lakini vidole vya baba vilijua kupiga tu. Aliyezisokota ni mama.

"Muulize mayu kama anaweza kusokota nyembamba zaidi ya zile," Felician aliniambia. Mayu ndiyo mama kwa Kisukuma.

"Muulize mwenyewe," nilimjibu, nikijua kabisa hawezi. Kwetu Usukumani mkwe wa kiume hamsogelei mama mkwe, hamtazami usoni, na wakikutana njiani mmoja anapisha pembeni. Felician alikuwa Msumbwa lakini aliiheshimu desturi yetu kuliko kaka zangu. Kwa hiyo kazi yote ilipita mikononi mwangu. Maswali ya mume wangu niliyapeleka Samuye kwa basi, na majibu ya mama niliyarudisha mjini pamoja na nyuzi ndani ya kikapu.

Mama yangu, Nyamizi, hakuuliza hata mchezo wenyewe ni upi. Aliona uzi wa zamani wa raketi, wa nailoni, niliompelekea, akauvuta, akauuma kwa jino la pembeni, akasema, "Haya." Siku za mnada alichukua matumbo membamba kwa wachinjaji, akayaosha, akayaloweka kwenye maji ya majivu, akayaparua kwa kijiti cha mtete hadi ukaona mwanga upande wa pili. Kisha aliyachana kuwa mikanda, akaisokota ikiwa mibichi na kuikaza kati ya miti miwili uani, kivulini, ikauke polepole. Ukipita nyuma ya nyumba yake ungeona nyuzi zimejipanga hapo, nyeupe, zikilia kidogo upepo ukivuma. Mimi nilizipenda. Siwezi kusema uongo, nilizipenda.

Silvesta alipopiga kinyoya cha kwanza kwa uzi wa mama alisimama akaitazama raketi. Mlio wake ulikuwa mwingine. Kinyoya kilitoka haraka, na mkono, alisema, hauumi. Baada ya wiki moja klabu nzima ilitaka nyuzi za Samuye. Tatizo likawa moja tu: hazikudumu.

Felician alinieleza kwa nini, jioni baada ya jioni, hadi nikajua bila kutaka. Nyuzi za kushuka na nyuzi za kukatiza hazikai tuli. Kila kinyoya kinapopigwa zinasogea na kusuguana, na mmoja unamla mwenzake pale zinapopishana, hadi panatokea kijishimo. Vumbi letu la Shinyanga likiingia humo linafanya kazi ya msasa. Mpigaji hodari anayepiga katikati, uzi wake hukatikia katikati, na hukatika ukiwa umezeeka kihalali. Mpigaji mbovu anapiga karibu na fremu, na uzi hukatikia hapo pembeni, hata kama umewambwa jana. Halafu kuna ubishi wa kukaza. Kila mtu anataka raketi yake ikazwe zaidi ya ya jirani, na iliyokazwa mno haina maisha. Nailoni Silvesta aliimaliza kwa mwezi mmoja. Uzi wa mama aliumaliza kabla Jumapili mbili hazijapita.

Mvua zilipoanza mambo yakaharibika kabisa. Utumbo hunywa unyevu wa hewani. Nyuzi zililegea, zikavimba, zikaanza kujisokotoa, na Silvesta akaanza kulalamika kwa sauti. Nikampelekea mama malalamiko hayo. Akasema nyuzi za zeze la baba zilidumu kwa sababu zeze lilitundikwa jikoni juu ya moto, likala moshi miaka na miaka.

Basi akaanza kuzilisha moshi. Samuye hakuna miti ya kuchezea. Tunapikia mabua ya pamba na mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Moshi wa mavi ni mzito, unakaa chini, haukimbilii paani. Mama alitundika nyuzi jikoni, akafunga mlango, akakaa humo humo kuchochea na kuzigeuza, kwa sababu zikipata joto badala ya moshi zinakuwa kavu na kuvunjika kama kijiti. Zilitoka na rangi ya chai. Alizipaka samli kidogo. Nyuzi hizo zilivumilia mvua, zilivumilia vumbi, na Silvesta mwenyewe akakiri zimeipita nailoni.

Na macho ya mama yakawa mekundu, na kwetu macho mekundu ya mwanamke mzee huitwa ya mchawi. Nilimwona siku moja ametoka jikoni, anapangusa kwa kanga, nikasema, "Mayu, acha. Watakusema."

"Nani atanisema? Kila mwanamke hapa ana jiko."

"Wewe ni mjane na unasokota matumbo."

Alicheka. Mama alikuwa mtu wa kucheka, na kicheko chake kilinikera kwa sababu kilifunga mazungumzo. Zamani, kabla ya Operesheni Vijiji, nyumba yetu ilikuwa peke yake katikati ya mtama, jirani wa karibu ukimwita hasikii. Baada ya Operesheni tulipangwa mistari, mlango kwa mlango, moshi wa huyu unaingia kwa yule. Kila mtu aliona anachotundika mwenzake. Wote walijua macho ya mama ni ya moshi, maana na wao walikuwa nayo, na bado walimsema.

Jirani wa upande wa kulia alikuwa Ngassa. Mkewe Philomena alikuwa mwanamke mpole, na walikuwa na watoto wawili, Mageni na Melania. Mama aliwalea watoto hao kama wake, akiwagawia maziwa asubuhi. Msimu wa pamba Ngassa alikuja mjini kufanya kibarua cha kubeba marobota pale jineri. Alikuwa mchapakazi, sikuwahi kuwa na neno naye. Nayasema haya kwa makusudi, ili mtu asidhani ninamsimulia shetani mwenye pembe.

Mwaka wa 1980, klabu ya Mwanza ilikuja kushindana na ya kwetu. Felician akapata wazo, na mawazo ya Felician ni machache lakini yakija yanakuja na balaa. Alitaka mama aje aone nyuzi zake zikifanya kazi. "Hajawahi kuona," alisema. "Ni haki yake." Nikaenda kumchukua. Alivaa kitenge kipya, akakaa nami juu ya gunia la pamba kando ya mstari, na Felician akajibanza upande wa pili wa ghala kwa heshima ya mkwe.

Mama aliutazama mchezo kwa dakika chache, kisha akaacha kabisa kutazama vinyoya. Alitazama raketi tu. Silvesta alipokuja kunywa maji, mama alinyoosha mkono, akaichukua raketi yake, akapitisha ukucha wa dole gumba kwenye makutano ya nyuzi, moja moja, macho ameyafumba.

"Mwambie huu umechoka," aliniambia kwa Kisukuma. "Hautamaliza mchezo."

Nikatafsiri. Silvesta akacheka, akasema anaupenda hivyo hivyo, akarudi uwanjani. Haukupita muda akaruka juu kupiga kwa nguvu, tukasikia pah, na uzi ukaachia pale pale mama alipouwekea ukucha. Ghala zima lilipiga makofi. Wengine wakaja na raketi zao. "Mama, na wangu?" "Mama, na huu utafika wapi?" Mama akashika, akapapasa, akasema huu utakatikia pembeni, huu bado una nguvu, huu mwenye nao anapiga vibaya, anisamehe. Hata wa Mwanza walileta. Alipatia mara nyingi na alikosea mara moja, uzi aliosema umekwisha ukacheza hadi jioni. Huo mmoja hakuna aliyeusimulia.

Sijawahi kumwona mama na furaha ile. Njiani kurudi alikuwa akijichekea mwenyewe. Hakuna uchawi ndani yake; ukucha unahisi kijishimo, na kijishimo kikishafika kwenye moyo wa uzi, siku zake zinahesabika. Hata mimi ningeweza kwa kuzoea.

Ngassa, aliyebaki baada ya msimu kupakia marobota ya mwisho, alikuwa amesimama mlangoni mwa ghala na vibarua wenzake. Aliona yote, akacheka na wenzake, akapiga makofi. Aliporudi Samuye alisimulia, tena kwa kusifu: Mama Justa, Justa ndiye mimi, anakiambia kitu siku ya kufa kwake na kinakufa. Mwanzo ukawa utani wa kijiji. Watu wakampitishia mama jembe, mpini, kamba ya ndoo, wakamuuliza, "Nyamizi, hii itafika mwaka kesho?" Na mama, kwa kupenda utani wake, akawajibu. Mjini lilikuwa jambo la ufundi. Samuye lilianza kuwa jambo jingine, na mama hakuliona likigeuka.

Surua ilipita wakati wa palizi. Mageni akaugua, upele ukaisha, kuharisha kukabaki. Mama alikwenda kumwona. Philomena alinisimulia baadaye kwa kinywa chake mwenyewe, kwa hiyo silibuni. Mama aliinama, akamtazama mtoto macho yalivyozama, akambana ngozi ya tumbo kwa vidole, ngozi ikabaki na mkunjo, haikurudi. Akasimama upesi.

"Mtoto huyu hafiki kesho," alisema. "Mpelekeni hospitali sasa hivi. Msingoje jua lishuke."

Alisema kama alivyosema kwenye ghala, kwa sauti ile ile ya mtu aliyepapasa na kujua. Ndivyo alivyokuwa. Ngassa hakumpeleka hospitali. Alimbeba kwa mfumu, mganga wa kupiga ramli, kijiji cha pili, kwa sababu mtu mzima akikutabiria kifo cha mwanao, kwetu jambo la kwanza ni kujua amejuaje. Mfumu alimwambia anayemla mtoto ni mtu wa karibu, anayeona kabla wengine hawajaona. Mageni alifia mgongoni mwa baba yake wakirudi, kabla ya jogoo.

Mfumu hakutaja jina. Hakuhitaji kulitaja, maana kijiji kizima kilikuwa kimepiga makofi kwa miezi.

Nilifika Samuye Jumapili iliyofuata, sijui lolote, nimebeba kikapu kitupu cha kuchukulia nyuzi. Watu niliowaamkia njiani walijibu wakitazama pembeni. "Mwangaluka," nasema, na mtu anaangalia kuku. Nilimkuta mama amekaa uani mbele ya miti yake miwili. Nyuzi zote zilikuwa chini. Niliokota mmoja. Uzi uliokatika wenyewe unaacha nywelenywele mwishoni, kwa sababu unakufa kidogo kidogo. Huu ulikuwa na ncha safi. Zote zilikuwa hivyo, mmoja baada ya mwingine, zimekatwa kwa kisu kikali.

"Mayu, tunaondoka leo," nilisema. "Basi la mchana. Acha kila kitu."

"Niache kila kitu kwa nini?"

"Hujaona hii?"

"Nimeona. Mtu ana uchungu wa mtoto, amekata nyuzi. Nyuzi nitasokota nyingine."

"Wakitoka kwenye nyuzi watakuja kwako!"

Alininyamazisha kwa mkono. Tulibishana hadi basi likapita, nikalisikia honi yake barabarani, nikalia kwa hasira. Mwisho alikubali kuhama. Kukubali kwake kulinipa moyo kweli kweli, nikadhani nimeshinda. Lakini alitaka Jumamosi. Felician angeomba lori la jineri lije kuchukua vyombo na mtama wake, na yeye kabla ya hapo angepita nyumba kwa nyumba kuaga.

"Kuaga nini, mayu? Hawa?"

"Hawa ndio waliomzika baba yako."

"Tuondoke kimya kimya. Nakuomba. Nakupigia magoti."

Na nilipiga kweli. Akaniinua. "Justa, nani huhama bila kuaga? Mwizi. Mchawi. Nikitoroka nitakuwa nimesema mwenyewe ni kweli. Nitapita kila mlango, nitamwachia kila mtu kibaba cha mtama, nitamwambia Philomena pole tena. Wakiniona usoni watakumbuka mimi ni nani."

Ningemfunga kamba nikamburuta hadi barabarani. Hadi leo, miaka yote hii, ninamkasirikia marehemu. Alizijua nyuzi, akamsoma mtoto wa watu kwa vidole viwili, na hakuweza kuwasoma majirani aliokaa nao mlango kwa mlango. Nilirudi mjini Jumatatu kufuata lori.

Yaliyotokea Ijumaa nilielezwa na Coletha, mwanamke wa mlango wa pili aliyekuwa shoga wa mama tangu usichana. Mama alianza kuaga asubuhi. Alibeba mtama kwenye ungo, akaingia kila nyumba, akakaa, akaomba radhi kama kuna alipokosea. Wengine walipokea mtama kwa mikono miwili, akitoka wakaumwaga. Walijiuliza kwa nini anagawa chakula siku ya kuondoka, na kimetiwa nini. Kwa Ngassa alikaa muda mrefu. Philomena alilia, wakalia wote wawili. Mama alipotoka, Ngassa alikwenda kwenye kilabu cha pombe, akawaambia wanaume: anaondoka kesho, amemaliza kwangu, anakwenda kula wa mjini.

Jua lilikuwa bado juu ya mtama mama alipokuwa aking'oa miti yake miwili uani. Walikuja wawili na mapanga. Coletha alisema hakuwatambua. Nikamuuliza walivaa nini, akasema hakuona. Nikamuuliza kama mama alipiga kelele, akasema alikuwa akipika, ugali ulikuwa jikoni, hakuweza kuuacha. Shoga wa mama tangu usichana.

Tulifika Jumamosi asubuhi na lori tupu. Felician alishuka kabla halijasimama. Alikwenda moja kwa moja hadi pale mama alipolala amefunikwa shuka, akapiga magoti, akamfunua uso, akamtazama. Ndiyo mara ya kwanza alimtazama mama mkwe wake usoni. Akavua shati lake akamfunika vizuri, na lori lile likatumika kubebea mbao za jeneza.

Polisi walikuja wakauliza. Kijiji kizima kilikuwa kikipika. Ngassa alikuja mazikoni, akatupa udongo wake na wenzake, na nilimsikia akisema katikati ya wanaume, wala hakushusha sauti, "Mtu asiye na hatia anakimbia nini?" Hakuwa akijifanya. Laiti angekuwa akijifanya ningejua la kumfanya. Aliamini, na machozi aliyokuwa nayo yalikuwa ya mwanawe. Silvesta na wenzake wa klabu walikuja pia, na shada la maua ya karatasi. Walisimama mbali na kijiji, hawajui wasimame wapi. Klabu ilicheza na mshipi wa Chato kwa msimu mmoja, kisha wavu ukakunjwa.

Mvua za mwaka uliofuata, asubuhi moja, nasikia hodi. Nafungua, ni Ngassa. Nyuma yake Philomena, na mgongoni mwa Philomena Melania, yule wa pili, amelegea shingo.

Felician alikuwa kazini. Nilisimama mlangoni nikishika mwimo kwa mikono yote miwili. Nilitamani kumtemea mate. Nilitamani pia kukimbia. Ngassa alipiga magoti kwenye matope, mtu mzima, mkubwa kwangu.

"Dada Justa," alisema. "Tulikuwa tunakwenda hospitali. Mguu umekataa kupita hapa. Mtazame. Wewe ni damu yake. Niambie tu kama atafika kesho."

Philomena alimshusha mtoto akanipa. Hakuniuliza kama nataka. Nilimpokea kwa sababu mtoto akinyooshewa kwako mikono inapokea yenyewe. Macho yalikuwa yamezama. Nilimbana ngozi ya tumbo kwa vidole, sikupenda, vidole vilikwenda, na ngozi ikabaki imekunjamana. Nikajua. Nilijua sawasawa na alivyojua mama. Nikisema hafiki, mimi ndiye nimeua. Nikisema atafika, na asifike, mimi ndiye nimeua. Wale wazazi wawili walinitazama mdomo.

Nilivua kanga, nikamfunga Melania mgongoni mwangu, nikatoka mbio pekupeku hadi hospitali, wao nyuma yangu. Nilimsukuma mtu wa foleni. Nilimkabidhi muuguzi mkononi. Walimtundikia maji, na muuguzi alisema mngechelewa kidogo tungekuwa tunasema mengine. Nilikaa kwenye benchi hadi nilipoona mtoto amelia machozi ya kweli, yenye maji. Nikaenda nyumbani bila kumtazama baba yake. Nilijisikia nimetua mzigo mkubwa sana, na usiniulize ni upi.

Melania alipona. Walipotoka hospitali Ngassa alikuja na beberu mweupe, akamfunga kwenye mti wetu wa mbele, akapiga magoti tena. Majirani wa jineri walikuwa wakichungulia, wakifurahi, wakidhani wanaona watu wakipatana.

"Asante, dada," alisema kwa sauti ya chini, ya heshima na hofu. "Asante kwa kumwachia huyu. Yule wa kwanza mama yako alikataa. Wewe umeniachia. Nimewaambia wote nyumbani kwamba wewe una huruma kuliko yeye."

Nilimtazama mdomo ukienda. Nimewaambia wote nyumbani. Alikuwa ametabasamu.

Felician aliporudi nilimweleza, akamfungua yule beberu akampeleka mnadani kijiji cha mbali, na yeye mwenyewe hakulala. Kabla ghala halijaanza kupokea pamba tulikuwa tumehamia kwao Ushirombo, ambako hakuna anayemjua Nyamizi. Kaburi la mama sijaliona tena. Ninasikia Melania ameolewa na ana watoto, nami ninafurahi, kwa kweli ninafurahi. Huku jirani zangu huniita mama mtu mzima, na mtoto akiugua hunijia mlangoni wakimfunua nguo, wananiambia mtazame, wewe umeona mengi. Huwa namtazama. Kisha nasema mimi sijui, mpelekeni hospitali, naingia ndani nafunga mlango.